Chetambe Ingali Inamsubiri Mwandishi Wake

Riwaya ya kihistoria ni aina ya fasihi inayoogopwa kuliko inavyosomwa. Mwanafunzi huiogopa kwa kudhani kwamba atatahiniwa tarehe na majina ya magavana. Mwalimu naye huiogopa kwa sababu nzito zaidi: anachelea kwamba darasani mwake wamo vitukuu wa pande zote mbili za vita vinavyosimuliwa, na kwamba neno moja likiteleza, uchambuzi wa fasihi utageuka kuwa baraza la kusutana. Hofu ya mwanafunzi ni rahisi kuiondoa. Hii ya mwalimu ndiyo ninayokusudia kuijadili leo, kwa kuwa ndiyo inayotufanya sisi wa Magharibi mwa Kenya tuwafunze watoto wetu vita vya milima ya watu wengine, huku vita vya kilima chetu wenyewe vikibaki katika vitabu vya wanahistoria tu.

Kilima ninachokizungumzia ni Chetambe. Kiko juu ya mji wa Webuye, katika Kaunti ya Bungoma. Karibu nacho Mto Nzoia unaanguka katika maporomoko ya Nabuyole, kisha unateremka kusini-magharibi, unapita Mumias na kuendelea na safari yake hadi Ziwa Viktoria. Sisi wa Musanda, katika Kaunti ya Kakamega, hatukioni kilima hicho kutoka mashambani mwetu mwa miwa. Hata hivyo, historia yake inatuhusu sana, pengine kuliko tunavyopenda kukiri.

Msomaji ambaye hajawahi kukisikia kisa hiki nitamsimulia kwa ufupi. Katika miaka ya 1890, Mumias, ambayo wasafiri waliiita Kwa Mumia, ilikuwa kituo mashuhuri cha misafara iliyotoka pwani kwenda Uganda. Nabongo Mumia, mtawala wa Wanga, alikuwa amewapokea wafanyabiashara Waswahili na Waarabu, na baadaye akawapokea Waingereza. Mwaka 1895, Mwingereza C. W. Hobley alikuwa akiujenga utawala wa kikoloni kutoka hapo hapo Mumias. Chanzo cha karibu cha vita kilikuwa bunduki. Wabukusu walikuwa wamejipatia silaha zilizoletwa na misafara. Utawala ukadai zisalimishwe, na kikosi cha askari wa Kisudani kilichotumwa kuzichukua kikaangamizwa. Hobley akaandaa safari ya kuwaadhibu. Katika jeshi lake walikuwamo Wasudani, Waganda, Wamaasai, na wapiganaji wa Wanga waliotolewa na Nabongo. Ngome ya Lumboka ndiyo iliyotangulia kuanguka. Kisha ikafuata zamu ya Chetambe, ambako Wabukusu na majirani zao Watachoni walikuwa wamejikusanya nyuma ya handaki na ukuta wa udongo. Mikuki na mishale haikuweza kushindana na bunduki. Watu wengi waliuawa, mifugo ikachukuliwa, na wanawake na watoto wakatekwa.

Hayo ndiyo yaliyotendeka. Miaka 130 na ushei imepita tangu siku hiyo, na si kwamba hayakuandikwa. John Osogo alichapisha historia yake ya Abaluhya mwaka 1966. Gideon Were akafuatia mwaka 1967 kwa historia yake pamoja na mkusanyo mnene wa masimulizi ya wazee wa Magharibi. F. E. Makila akaandika juu ya Wabukusu mwaka 1978. Wanahistoria, basi, walitimiza wajibu wao mapema. Waliochelewa ni sisi watu wa fasihi. Tazama riwaya za Kiswahili ambazo shule zetu za upili zimezisoma katika miaka hii thelathini iliyopita: Walenisi, Siku Njema, Utengano, Kidagaa Kimemwozea, Chozi la Heri, Nguu za Jadi. Ni kazi zilizostahili kusomwa, lakini Chetambe haimo hata katika mojawapo.

Labda msomaji atauliza: riwaya ina kazi gani pale ambapo historia imekwisha kunena? Swali hilo ni la haki, na jibu lake bora zaidi katika fasihi ya nchi hii limetoka katika milima mingine.

Mwaka 1967, mwaka ule ule wa vitabu vya Were, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alichapisha riwaya yake A Grain of Wheat. Imewekwa katika kijiji cha kubuni cha Thabai, katika miinuko ya Wagikuyu. Hadithi inaanza siku chache kabla ya Uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963, lakini kumbukumbu za wahusika zinaturudisha katika miaka ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960. Wanakijiji wanamtaka Mugo, mtu mkimya anayedhaniwa kuwa shujaa wa vizuizini, atoe hotuba ya kumkumbuka Kihika, mpiganaji wa msituni aliyenyongwa na Waingereza. Wote wanaamini kwamba aliyemsaliti Kihika ni Karanja, ambaye wakati wa vita alishika bunduki ya homugadi. Kumbe aliyemsaliti ni Mugo mwenyewe. Gikonyo, seremala, aliungama kiapo ili arudi kwa mkewe, naye alipofika nyumbani akamkuta mkewe Mumbi na mtoto wa Karanja. Hakuna mtu katika kijiji hicho aliyetoka vitani bila doa.

Sasa linganisha na yale tunayoambiwa na kitabu cha historia. Historia itatueleza kwamba kuanzia mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja waliondolewa katika makazi yao na kukusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa uzio na mahandaki. Itatueleza kwamba Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957. Ni maarifa ya lazima, na mwanafunzi asiyeyajua atasoma riwaya kama kipofu. Lakini historia haitueleza jinsi mtu anavyochota maji katika kisima kimoja na jirani aliyemtaja kwa maafisa. Haitueleza anachofikiri mkewe anapomsalimu jirani huyo asubuhi. Hapo ndipo riwaya inapoingia. Ngũgĩ angeweza kumweka Kihika katikati ya kitabu, nasi tungepata utenzi wa sifa. Alimweka msaliti, na msomaji akalazimika kukaa ndani ya kichwa cha mtu ambaye angependa kumlaani kutoka mbali.

Kutokana na mfano huo natoa hoja yangu, nayo ni moja tu: riwaya ya vita vya mlimani au vya kijijini hufaa pale inapokubali kwamba adui alikuwa jirani, na kwamba jirani huyo naye ana haki ya kusema "sisi".

Niruhusuni hapa nizungumze kidogo kama mtu wa isimu. Kiambishi "tu-" ni kidogo mno, lakini kimebeba mzigo mkubwa. Zipo lugha duniani zinazotenganisha "sisi" ya aina mbili: ile inayomjumuisha anayesemezwa, na ile inayomtenga. Kiswahili hakina utengano huo. Nikisema "tulikwenda", ni muktadha tu utakaoamua kama nawe umo. Sasa chukua sentensi "Tulipigana Chetambe." Itamke Webuye, na "tu-" hiyo ni ya waliokuwa ndani ya ukuta. Itamke Musanda, na "tu-" hiyo ni ya waliokuja na bunduki za mgeni. Sentensi ni ile ile, sarufi ni ile ile, lakini ni hadithi mbili zisizokaa meza moja. Mwanafunzi wa Mumias na mwanafunzi wa Webuye wanaweza kukaa dawati moja kwa miaka minne, wakaitumia "tu-" hiyo kila siku katika mambo ya kandanda na mitihani, wasijue kamwe kwamba kuna mahali inapopasuka.

Ngũgĩ aliliona tatizo hili, ingawa riwaya yake aliiandika kwa Kiingereza. Msimulizi wake mara nyingine huacha kusimulia kama mtu wa nje na kusema kwa sauti ya kijiji, sauti ya "sisi wa Thabai", huku akimkaribisha msomaji kana kwamba naye alikuwapo. Mbinu hiyo haimpambi mwandishi tu. Inamfanya msomaji awe mmoja wa wanakijiji walioshangilia, walioshuku, waliomhukumu Karanja kwa kosa ambalo hakulitenda. Ukweli unapofichuka, msomaji hana pa kukimbilia, maana naye alikuwa katika "sisi" iliyokosea.

Suala la pili ni majina. Vita vya Kenya ya kati mtawala aliviita vya Mau Mau, na wapiganaji akawaita magaidi. Wao wenyewe walizungumza juu ya ardhi na uhuru, na mpiganaji wa msituni kwa Kikikuyu alikuwa na jina lenye heshima, itungati. Ilichukua hadi mwaka 2003 kwa marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau kuondolewa katika sheria za Kenya, na hadi Juni 2013 kwa serikali ya Uingereza kueleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa fidia wazee zaidi ya elfu tano walioteswa. P. M. Kareithi alipochapisha Kaburi Bila Msalaba mwaka 1969, Kiswahili kiliingia katika msitu huo mapema, na kila mwandishi aliyefuata alilazimika kuchagua: gaidi, mpiganaji, mzalendo, au mtu wa msituni? Hata Ngũgĩ mwenyewe, katika toleo jipya la riwaya yake la mwaka 1986, alirudi nyuma na kubadilisha jina alilowaita wapiganaji: kile alichokuwa amekiita chama akakiita vuguvugu. Mwandishi hajisumbui kubadilisha neno baada ya karibu miaka ishirini ikiwa neno hilo ni pambo tu.

Kwetu Magharibi hali ni hiyo hiyo. Katika maandishi ya wakoloni, Wabukusu waliitwa Kitosh, jina walilopewa na watu wa nje, nao hawakulipenda. Eneo zima liliitwa Kavirondo. Mwandishi wa riwaya ya Chetambe atakayemtia Mzungu wake maneno hayo kinywani atakuwa mkweli kwa wakati wake; atakayeyatumia katika sauti ya msimulizi atakuwa amechagua upande bila kujua. Na huo ukuta wa udongo auite nini? Lubukusu lina neno lake, lukoba, yaani kijiji kilichozungushiwa ukuta na handaki, chenye nyumba, ng'ombe, watoto na moto wa jioni. Tukisema "ngome", msomaji wa Mombasa ataiona Ngome ya Yesu na mizinga yake. Tukisema "boma", mwingine ataona zizi, na mwingine ataona ofisi ya mkuu wa wilaya. Mimi ningependekeza mwandishi aliache neno lukoba libaki lukoba, alieleze mara moja kwa vitendo vya wahusika wake, na kuendelea. Kiswahili kimekwisha kumeza maneno mengi ya mataifa ya mbali. Hili la jirani halitakikwama kooni.

Kuna jambo la tatu ambalo mpenzi wa Kiswahili hana budi kulikabili bila kupepesa macho. Kiswahili hakikuja Magharibi mwa Kenya pamoja na shule. Kilikuja na misafara, nacho kilikuwa kikisikika Mumias kabla ya mwaka 1895. Wakati wa safari ya Chetambe, mtu aliyekuwa ndani ya lukoba, kama alipata kukisikia Kiswahili, alikisikia kutoka upande wa nje wa ukuta. Leo lugha hiyo hiyo ndiyo inayowaunganisha vitukuu vya waliokuwa ndani na vya waliokuwa nje. Simwoni mwandishi mwenye nyenzo nzuri kuliko hiyo. Lugha iliyokuwa ya msafara imekuwa lugha ya darasa. Riwaya itakayoandikwa kwayo itabeba kisa hicho ndani ya kila sentensi, hata mwandishi asipokitaja.

Nimeulizwa mara kwa mara na wanafunzi wangu chuoni kwa nini tusiendelee kutumia nchi za kubuni, kama ilivyo desturi ya riwaya nyingi za Kiswahili. Chozi la Heri, kwa mfano, riwaya ya Assumpta Matei iliyotahiniwa kwa miaka kadhaa, inasimulia ghasia zinazozuka baada ya uchaguzi, na humo nyumba ya Ridhaa inateketezwa na watu wake wakiwamo, kwa mkono wa jirani aliyemjua. Nchi yenyewe inaitwa Wahafidhina. Msomaji wa Kenya anajua vyema ni nchi gani, wala hahitaji kuambiwa. Siibezi mbinu hiyo. Ina busara yake, hasa pale majeraha yanapokuwa mabichi na waliotenda wangali wanaishi mtaa mmoja na waliotendewa.

Hata hivyo, jina la kubuni lina gharama yake. Linampa kila msomaji nafasi ya kusema, "Huyo si sisi." Riwaya ya kihistoria hainyamazi namna hiyo. Ngũgĩ alibuni kijiji, lakini hakubuni nchi, wala Hali ya Hatari, wala siku ya Uhuru. Meja Mwangi naye, katika Carcase for Hounds ya mwaka 1974, aliwabuni majenerali wa msituni, lakini hakuibuni vita yenyewe. Chetambe ni ya mwaka 1895. Hakuna hata mmoja kati ya walioshika mkuki au bunduki siku hiyo aliye hai. Ikiwa kuna vita vinavyoweza kutajwa kwa jina lake bila mtu kuogopa kuitwa kizimbani, ni hivi. Kama hata hivi tunavificha, basi tatizo haliko katika ubichi wa jeraha.

Liko wapi, basi? Nadhani liko katika ugumu wa kumwandika Mumia. Kwa mtu wa Webuye, ni rahisi kumwandika kama kibaraka. Kwa mtu wa Musanda, ni rahisi kumwandika kama mwanadiplomasia aliyeona mbali. Riwaya inayostahili jina hilo haitakubali urahisi wa upande wowote. Itakumbuka kwamba ufalme wa Wanga wakati huo ulikuwa umebanwa na majirani, kaskazini na Wabukusu na kusini na watu wa Ugenya, na kwamba mtawala aliyebanwa huona rafiki katika kila mwenye bunduki. Itakumbuka pia kwamba urafiki huo ulizaa matunda ambayo wengine waliyala kwa uchungu: mwaka 1909 Mumia alitangazwa kuwa Chifu Mkuu, na ndugu zake wakawekwa juu ya watu wasiowachagua, Mulama huko Marama na Murunga huko kwa Wabukusu. Mambo yote mawili ni kweli. Mwanahistoria anaweza kuyaweka katika sura mbili tofauti. Mwandishi wa riwaya hana ruhusa hiyo. Lazima ayaweke katika moyo wa mtu mmoja, na amfanye mtu huyo alale au akeshe.

Wala si lazima mtu huyo awe Nabongo. Mimi ningetamani kusoma juu ya kijana wa Wanga aliyekwenda Chetambe kwa sababu tu wa rika lake walikwenda, akarudi na ng'ombe mmoja na mtoto mmoja asiyejua kwao. Ng'ombe yule alilipiwa mahari ya nani? Mtoto yule alikua akisema lugha gani? Lubukusu na Oluwanga ni lugha ndugu. Mtoto angesikia karibu kila neno, huku akijua kwamba lafudhi yake inamtaja. Ndani ya mtoto huyo kuna riwaya nzima, na sidhani kama hati yoyote ya mkoloni ilijishughulisha kuandika jina lake.

Najua pingamizi litakalotolewa. Kuna watakaosema kwamba yaliyopita si ndwele, na kwamba ni heri kufunika kombe mwanaharamu apite. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wengi wao wameona jinsi historia inavyochukuliwa na wanasiasa wakati wa kampeni na kugeuzwa kuwa fimbo. Lakini tuulizane: fimbo hiyo waliipata wapi? Waliipata gizani. Kisa ambacho hakijaandikwa kikamilifu huwa mali ya mwenye sauti kubwa. Jukwaani mwanasiasa anahitaji dakika tatu tu kusema "walitusaliti". Riwaya inahitaji kurasa mia tatu kuonyesha nani alimsaliti nani, kwa hofu gani, na kwa bei gani. Anayesoma kurasa hizo mia tatu ni vigumu kumpumbaza kwa zile dakika tatu.

Isitoshe, kombe tulilolifunika halikuzuia lolote. Kati ya mwaka 2006 na 2008, katika Mlima Elgon, ambao watu wa Bungoma wauona kila asubuhi isiyo na mawingu, mgogoro wa ardhi ya Chepyuk uliwagawanya Wasabaot wenyewe kwa wenyewe. Kundi lililojiita Sabaot Land Defence Force liliua, likakata watu viungo na kuwatoza wanakijiji kodi kwa nguvu. Machi 2008 serikali ilipeleka jeshi katika kile kilichoitwa Operesheni Okoa Maisha, na mashirika ya haki za binadamu yakaandika ripoti juu ya wanaume waliokusanywa, walioteswa na waliotoweka mikononi mwa askari. Hapo tena jamii ya mlimani ilibanwa kati ya mwenye bunduki wa msituni na mwenye bunduki wa serikali, kama Thabai. Hapo tena jirani alimtaja jirani. Na hapo tena majina yaligombana: Mlinzi wa ardhi? Mhalifu? Okoa maisha ya nani?

Watoto waliokuwa madarasa ya chini wakati huo sasa ni watu wazima. Baadhi yao ni walimu. Wanajua neno lililotumiwa usiku kuwaonya watoto wanyamaze. Wanajua ni njia gani ya kwenda mtoni iliyoachwa na kwa nini. Wasipoandika, katika miaka mia moja ijayo mhadhiri fulani atalalamika gazetini juu ya Elgon kama ninavyolalamika leo juu ya Chetambe, naye hatakuwa na mtu wa kumwuliza.

Kwa hiyo nawageukia walimu wenzangu. Sisemi mwongeze mzigo juu ya silabasi ambayo tayari imefurika. Nasema riwaya yoyote ya vita mnayoifunza, yenye nchi ya kubuni au ya kweli, ifunzeni kwa kuuliza maswali mawili ambayo hayamo katika miongozo. Kwanza: katika ukurasa huu, nani anasema "sisi", na nani ametengwa humo? Pili: vita hivi vinaitwaje na kila upande, na msimulizi amechukua jina la nani? Maswali hayo hayahitaji vifaa. Yanahitaji mwalimu asiyeogopa darasa lenye ukimya wa dakika moja au mbili. Ukimya huo ni dalili kwamba wanafunzi wamelielewa swali.

Nanyi wanafunzi, hasa ninyi wa Musanda, Mumias, Bungoma na Webuye, mkifunga shule nendeni kwa bibi na babu zenu. Hawakuwapo mwaka 1895, lakini waliwasikia waliowasikia waliokuwapo. Msiulize nani alishinda. Hilo mtalipata maktabani. Ulizeni watoto walifichwa wapi. Ulizeni ng'ombe waliitwaje. Ulizeni ni mlango gani wa nyumba ambao hadi leo watu wa ukoo wenu hawauingii, na kama kuna anayejua sababu. Andikeni maneno yao kama walivyoyatamka, katika lugha waliyoitumia, kisha ndipo mtafute Kiswahili chake. Na mkipata nafasi, yule wa Musanda apeleke daftari lake Webuye, yule wa Webuye alete lake Musanda, kila mmoja asome la mwenzake kabla ya kuanza kuandika sura ya kwanza.